Zahanati ya usiku Ng'ambo: walivyompokea shemeji yangu aliyekunywa kungumanga nyingi

Wauguzi wa zamu ya usiku nawapa nyota tano kwa tano. Zahanati yenyewe naipa nne. Mlinzi wa getini simpi kitu, na sababu yake nitaieleza. Duka lililouza kile kifuko nalo nitalifikia.

Jina la zahanati sitaliandika. Mgonjwa ni kijana wa watu, mitaa yetu ya Ng'ambo hapa Unguja watu wanajuana, na mwenyewe aliniomba nisimtaje. Wanaoishi huku wataijua. Wa mbali nawaandikia wajue mambo ya kudai popote watakapompeleka mtu wao, maana huduma ya aina hii nimegundua wengi hatujui hata inatakiwa iweje.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa nasi kwa sababu ya masomo. Alikuwa na mafua mabaya, pua zimeziba, hasikii harufu wala ladha ya kitu. Alipotoka kusali Isha akapita dukani kununua tangawizi ya unga. Akapewa kifuko cheupe kimebanwa kwa pini: hakina jina, hakina tarehe, hakina aliyefungasha. Akaja nyumbani, akachemsha maji, akatia vijiko vitatu vya chai vya kujaa, akakamulia ndimu, akatia asali, akanywa chote. Akalala.

Haikuwa tangawizi. Ilikuwa kungumanga iliyosagwa.

Kwa asiyezoea jikoni niseme kidogo. Mimi ni mpishi, nafanya mikate ya sinia na visheti vya oda, na wakati wa harusi napika pilau. Kungumanga naishika kila siku. Mkate wa sinia wa mchele nusu kilo nautilia robo kijiko cha chai, na hapo iliki ndiyo inayotawala. Kwenye haluwa wanatia, kwenye chai ya viungo tunatia, na hakuna aliyewahi kudhurika na chai ya viungo kwa sababu kiasi ni kidogo mno. Kijiko cha chai cha usawa kina kama gramu 2. Vitatu vya kujaa havipungui gramu 7 au 8. Daktari alituambia mtu mzima anaweza kuanza kudhurika kwenye gramu 5 hivi, ambayo ni kama kungumanga moja nzima. Kwa mtoto ni chini zaidi.

Na ubaya wake ni kuchelewa. Pilipili ikizidi unajua papo hapo, chumvi ikizidi unatema. Kungumanga inakaa kimya saa tatu, nne, hata sita, mtu ameshalala na kikombe kimeshasahauliwa.

Ilikuwa saa saba usiku aliponigongea. Mume wangu alikuwa Pemba kwa biashara, mimi niko na watoto. Nilipofungua mlango nikamkuta ameushika ukuta kwa mikono miwili. "Shemeji, nisamehe, naona nakufa." Macho mekundu, uso umemwiva, midomo imekauka hata inagandana akisema. Anasema ukumbi umekuwa mrefu haufiki mwisho, na mkono wake wa kushoto si wake. Nikamwekea kiganja kifuani, moyo unakimbia kwa namna ambayo sijapata kuisikia kwa mtu aliyesimama tu.

Nikaenda jikoni. Kikombe kipo juu ya karo, na chini yake mashapo mazito ya rangi ya udongo yamekaa kama uji uliopoa. Nikakinusa. Aliyeshika kungumanga hawezi kuikosea: tamu, kali, na ndani yake kuna kitu cha mafuta kinachopanda puani. Tangawizi haina harufu hiyo hata kidogo. Nikachukua kikombe, nikachukua kile kifuko kilichobaki, nikachukua na kijiko alichokorogea, vyote nikavitia kwenye mkoba.

Majirani walishaamka. Nawashukuru wote, walikuja kwa mapenzi. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alikuja na bilauri ya maziwa. Mwengine akasema tumpe maji ya chumvi atapike. Mwengine akasema kijana kaguswa, asomewe, asipelekwe popote mpaka kupambazuke. Dua tulisoma, tena tuliisoma ndani ya gari njia nzima. Maziwa alikunywa funda mbili akayatapika. Maji ya chumvi niliyakataa, na daktari baadaye aliniambia nilifanya vyema. Chumvi nyingi kwa mpigo ni sumu yenyewe, inaweza kuua, na mtu aliyelegea akitapishwa matapishi yanaweza kumwingia kwenye njia ya hewa. Nalikazia hili kwa sababu maji ya chumvi ndiyo dawa ya kwanza kutajwa katika kila nyumba ninayoijua.

Jirani akatoa Suzuki Carry yake tukaondoka.

Getini ndipo tulipoudhika. Mlinzi alimwangalia kijana anavyoyumba, akasema, "Huyu kalewa. Mrudisheni akalale." Nikamwambia amekunywa kungumanga. Akacheka. "Kungumanga gani inalevya, dada?" Tukasimama pale tunabishana huku mgonjwa ameshika chuma cha geti, mpaka muuguzi akasikia sauti akatoka mwenyewe kutufungulia.

Yule mlinzi hayuko peke yake, na ndiyo maana nalieleza kwa urefu. Huku kwetu kungumanga ina maneno yake. Ukienda mashamba ya viungo Kizimbani, watembezaji wanawasimulia wageni kuwa wanawake wa Unguja huitia kwenye uji kabla ya ngoma wapate kuchangamka, na watu wanacheka. Kwa masimulizi hayo kila mtu kaichukulia kuwa jambo la mzaha. Madhara yake yameandikwa zamani sana. Mwaka 1576 tabibu wa Ulaya, de l'Obel, aliandika habari ya mwanamke mjamzito wa Kiingereza aliyekula kungumanga 10 au 12 akaweweseka. Mwaka 1829 mwanasayansi wa Kicheki, Purkyně, alikula tatu kwa makusudi ajijaribu, akapotea baina ya ndoto na kuwa macho. Mtaalamu amekula tatu akapotea, halafu mlinzi anacheka mbele ya kijana asiyejua hata amekunywa nini.

Baada ya geti, kila kitu kilibadilika.

Muuguzi hakuuliza jina kwanza wala kitambulisho. Aliuliza: kala nini, kiasi gani, saa ngapi. Nikamwekea mezani kikombe, kifuko na kijiko. Akakifungua kifuko, akanusa, akaniangalia, akasema, "Kungumanga kweli." Halafu akafanya jambo lililonipa imani naye pale pale. Akatandika karatasi juu ya meza, akampa mgonjwa kile kijiko mwenyewe, akamwambia, "Kaka, nioneshe ulivyochota." Kijana mikono inatetemeka lakini akachota, kijiko kimejaa mlima. Muuguzi akakimimina kwenye karatasi, akamwambia rudia, akamimina tena, na cha tatu. Akazitazama zile chungu tatu, akakunja karatasi, akaandika juu yake saa aliyokunywa na saa tuliyofika. Karatasi ile ndiyo aliyoipeleka kwa daktari. Mimi ningesema "vijiko vitatu" na ingeishia hapo, na kijiko changu na chako havifanani.

Akauliza kama ana kifafa, ugonjwa wa moyo, dawa yoyote anayotumia, na kama kwa ajili ya mafua alikunywa vidonge. Alikuwa amekunywa panadol mbili alasiri. Akaandika. Kisha akaniomba nitoke nje kidogo. Baadaye shemeji aliniambia alichoulizwa: kama alikunywa kwa kukusudia, kama kuna jambo linalomsumbua, kama kuna kitu kingine amekula ambacho hataki sisi tujue. Aliulizwa kwa upole, bila hukumu, na bila mimi kuwepo. Kijana wa miaka ishirini na kitu hawezi kujibu maswali hayo mbele ya mke wa kaka yake. Wangapi wanajali kumtoa jamaa nje kabla ya kuuliza?

Walimpima presha, joto, sukari ya kidoleni, na malaria kwa kipimo cha haraka, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa usiku usimhukumu kwa kikombe tu. Mapigo ya moyo yalikuwa 134. Wakamvalisha kifuani nyaya za ECG, kipimo cha mwenendo wa moyo. Daktari wa zamu, mwanamke kijana, alikuja akaisoma ile karatasi ya moyo kwa utulivu, akapiga simu hospitali kuu kuzungumza na mwenzake, akarudi kukaa kwenye kiti mbele yangu. Alikaa kabisa, hakusimama mlangoni.

Aliniambia mambo waziwazi. Ndani ya mafuta ya kungumanga kuna kitu kinachoitwa miristisini, pamoja na vyengine, na mwili ukivivunja ndipo ubongo na moyo vinasumbuka. Hakuna dawa ya kuifuta. Kinachotibiwa ni yale inayoyaleta mpaka mwili uitoe wenyewe, na inaweza kuchukua siku nzima, hata mbili. Nikauliza habari ya mkaa wa dawa, kwa kuwa niliwahi kusikia. Akasema mkaa unafaa zaidi mtu akifika mapema, ndani ya saa moja hivi, na baada ya saa zote zile kumlazimisha mtu anayetapika kuunywa ni hatari kuliko faida. Kuosha tumbo akakataa kwa sababu hiyo hiyo. Nilipenda kwamba hakufanya kitu kwa ajili ya kutuonesha kuwa anafanya. Zipo sehemu ungepigwa sindano tatu na kupewa antibaotiki mkononi, ukarudi nyumbani umeridhika na mgonjwa yuko vile vile.

Walichofanya ni hiki. Dripu ya maji, kwa kuwa alitapika na kinywa kilikauka hata ulimi haugeuki. Dozi ndogo ya diazepam ya kumtuliza, iliyotolewa taratibu huku muuguzi anamtazama pumzi. Kitanda cha pembeni, taa ya juu imezimwa, ikabaki ya ukumbini tu. Jamaa mmoja ndani, wengine nje. Na kila nusu saa muuguzi anakuja na karatasi yake: presha, mapigo, joto. Anamuuliza jina lake, hapa ni wapi, leo siku gani. Mara ya kwanza kijana alijibu yuko skuli. Baadaye akasema yuko zahanati lakini siku hakuijua. Karibu na alfajiri akajibu yote.

Muuguzi pia alimuuliza kama amekojoa, na alilirudia swali hilo zaidi ya mara moja. Mimi nilidhani ni mambo ya dripu. Kumbe kungumanga ikizidi mkojo unaweza kuziba, mtu akajaa bila kujua kwa kuwa akili haiko sawa. Alimpapasa chini ya kitovu kuona kama kibofu kimejaa. Vitu kama hivi ndivyo ninavyowapa tano.

Na namna walivyozungumza naye! Khofu ya kufa ni sehemu ya ile kungumanga yenyewe, daktari alisema. Mgonjwa anakuwa na yakini kabisa kwamba roho inatoka. Shemeji alinishika mkono akaniambia nimsomee shahada. Muuguzi hakumwambia "acha ujinga" wala "jikaze wewe mwanamme". Aliinama akamwambia, "Kaka, soma shahada, ni jambo jema. Lakini moyo wako nauona hapa, unapiga vizuri, na haya yatapita kesho. Mimi sitoki hapa." Na hakutoka. Kila kijana alipogutuka alimrudia na maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Asubuhi mapigo yalishuka mpaka 96. Alikuwa mzito, macho mekundu bado, kinywa kikavu, lakini anajijua. Walimbakisha mpaka mchana kwa sababu, walisema, hali hii huja na kurudi, mtu anaonekana amepona kisha inampanda tena. Ikawa hivyo kweli. Saa nne asubuhi alianza tena kusema ukuta unapumua, ikamtoka baada ya muda. Kama tungerudi naye alfajiri yangetukuta nyumbani.

Tulipotoka tuliambiwa asiendeshe vespa siku mbili, asikae peke yake usiku wa kwanza, anywe maji kidogo kidogo, asinywe kahawa. Turudi mbio akiumwa kifua, akizirai, akipata degedege, akishindwa kukojoa, au akitapika bila kusita.

Hapa ndipo ninapowakata nyota. Maelezo yote hayo yalitolewa kwa mdomo. Mimi sikulala usiku kucha, mgonjwa anasinzia, na tunaambiwa mambo tisa kwa mpigo. Niliomba kalamu nikayaandika nyuma ya risiti. Karatasi moja iliyochapwa ingetosha, hata iwe ya jumla kwa kila aliyekula kitu kikamdhuru. Nilimwambia daktari, akakubali kuwa ni upungufu wao.

Choo kiko chini, ngazi sita, hakina taa. Mgonjwa anayeona ukumbi hauna mwisho umshushe ngazi gizani! Tulimshika watu wawili. Pazia baina ya vitanda hakuna, na kitanda cha pili alikuwepo mama na mtoto mwenye pumu, wakisikiliza kila neno letu nasi lao. Maabara inafungwa saa nne usiku, kwa hiyo vipimo vya damu vilivyobaki vilingoja asubuhi.

Malipo nilitarajia yaombwe mlangoni. Hawakuomba mpaka jua limetoka. Jumla haikufika laki moja, pamoja na ECG, dripu na kitanda, na risiti ilitaja kila kitu peke yake. Kwa zahanati ya binafsi na kwa kazi ile naona ni haki.

Habari ya mlinzi nilimfikishia msimamizi. Alinisikiliza, akamwita mbele yangu. Mlinzi akaomba radhi, nami niliipokea. Lakini tatizo si la mtu mmoja. Mlinzi asiwe ndiye anayeamua nani mgonjwa nani mlevi. Hata mlevi anaumwa. Geti lifunguliwe, muuguzi aamue. Msimamizi alisema ataweka kengele ya kumwita muuguzi moja kwa moja, nami nitapita kuangalia kama imewekwa.

Sasa duka. Nilikwenda nacho kifuko mkononi, bila ugomvi, nikamwonesha muuzaji. Alinusa akakiri ni kungumanga. Vifuko vya kungumanga na vya tangawizi vilikuwa kwenye ndoo mbili zilizokaa bega kwa bega, vyote vyeupe, vyote vya pini, havina hata alama ya kalamu, na rangi zake kwenye taa ya usiku zinakaribiana. Nilichojibiwa ni "mnunuzi anatakiwa anuse". Aliyekuja kununua alikuwa na mafua! Watu wengi wanaonunua tangawizi ya unga wana mafua. Kama angeandika "kungumanga" kwa kalamu juu ya kifuko, ingemgharimu nini? Taarifa nimeipeleka ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, pamoja na kifuko, maana chakula kisicho na lebo ni kazi yao, na nimewashauri wanawake wa kikundi chetu cha upishi wasinunue unga wowote pale mpaka wabandike majina.

Mimi kungumanga nanunua nzima sokoni Darajani, kwa mzee mmoja anayeuza na basbasi, lile ganda lake jekundu, pembeni, na nakwaruza ninapoihitaji. Nzima hukosei. Unga ukikaa nyumbani uwe kwenye chupa yenye jina, juu, mbali na watoto, na mbali na vitu vya chai.

Zahanati iko wazi usiku kucha, siku zote saba. Daktari yupo zamu zote, ila saa za futari mwezi wa Ramadhani nimeambiwa anakuwa mmoja tu, mkijaaliwa kwenda saa hizo mtegemee kungoja kidogo. Mkitoka ombeni nakala ya ECG na ile karatasi ya vipimo vya kila nusu saa. Hawaitoi mpaka uiombe, na tulipompeleka shemeji hospitali kuu wiki iliyofuata kuangaliwa moyo, kitu cha kwanza walichokitaka ni hizo karatasi mbili.